Sura ya Tano: Mita Kabla ya Milimita

Mtu akiniuliza anunue lenzi gani kwa ajili ya picha za wanyama, kwanza nami humuuliza anaishi wapi. Wengi hawalitarajii swali hilo, kwa sababu huja wakiwa wameshakariri jina la lenzi wanayoitaka. Lakini mkazi wa Mbekenyera, wilayani Ruangwa, na mgeni aliyetua Dar es Salaam kwa likizo ya siku nane hawahitaji kitu kimoja. Mgeni ana fedha, muda hana. Atapelekwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ile iliyomegwa mwaka 2019 kutoka Pori la Akiba la Selous ikawa na eneo la kilometa za mraba 30,893, na humo sehemu kubwa ya kazi yake ataifanya akiwa ndani ya gari. Palahala akisimama mita mia moja kutoka barabarani, basi ni hapohapo. Hakuna namna ya kumsogelea. Ndiyo maana mgeni yule hubeba lenzi ya milimita 600 yenye uzito wa zaidi ya kilo 3.

Mkazi wa Mbekenyera ana utajiri wa aina nyingine. Anajua mkuyu upi umeanza kuivisha matunda na ninga watakuja asubuhi ipi. Anajua ngedere wanatokea upande gani wa shamba la mahindi, na saa ngapi. Anaweza kurudi mahali palepale kesho, keshokutwa na mwezi ujao bila kumlipa mtu yeyote. Vitabu na matangazo ya kamera huandikwa kwa ajili ya yule mgeni, na kijana wa Ruangwa au Nachingwea akiyafuata kama yalivyo, atalimbikiza fedha miaka mitano ili anunue kitu cha kumsaidia kukwepa kazi ambayo yeye angeifanya bure.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua ndege mwenye urefu wa sentimita 15, yaani shomoro wa kawaida, akiwa mita 30 kutoka kwako. Lenzi ya milimita 300 itamchora kwenye sensa ya kamera akiwa na urefu wa milimita moja na nusu. Kamera nyingi za bei ya kati zina sensa yenye upana wa milimita 23 hivi na pikseli 6,000 kutoka ukingo hadi ukingo, kwa hiyo ndege wako atapata pikseli zisizofika 400. Hapo manyoya hayaonekani vizuri. Ukitaka pikseli mara mbili ya hizo una njia mbili. Ya kwanza ni kununua lenzi ya milimita 600. Ya pili ni kusogea hadi mita 15 ukiwa na lenzi ileile ya 300. Kwenye sensa matokeo yanalingana kabisa.

Kwenye hewa hayalingani, na hapa ndipo mita zinapoishinda milimita waziwazi. Kuanzia saa nne asubuhi wakati wa kiangazi, udongo wa mashamba yaliyokwishavunwa hupata moto na hewa iliyo juu yake huanza kucheza. Kila mtu ameiona barabara ikimetameta mbele yake mchana. Lenzi ndefu huikuza hewa hiyo pamoja na mnyama, picha ikatoka imelainika kana kwamba fokasi imekosea, na hakuna lenzi ya bei yoyote inayoponya tatizo hilo. Anayepiga kutoka mita 15 ana hewa nusu ya yule wa mita 30.

Sasa bei. Canon ilipotoa lenzi yake ya RF ya milimita 600 yenye tundu la f/4 mwaka 2021, iliiwekea bei ya dola 12,999. Tukikadiria dola moja kwa shilingi 2,500, hizo ni zaidi ya shilingi milioni 32, kabla ya usafiri, ushuru wa forodha na VAT. Lenzi ya Canon ya EF-S 55-250 yenye kizuia mtikisiko, toleo la STM la mwaka 2013, ilitoka kwa dola 349 na leo hupatikana mtumba kwa bei ya chini ya hapo. Mita 15 za kusogea ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya tofauti hiyo.

Na kusogea kwenyewe, katika nchi ya wakulima, nusu yake imeshafanyika. Mahindi yanapokaribia kukomaa, mashamba yaliyo kando ya msitu huwekewa dungu, na mlinzi hukaa juu akiwafukuza ngedere, nyani na nguruwe. Dungu hilo ni kificho ambacho mpiga picha wa ng'ambo hulipia fedha nyingi kukijenga. Wanyama na ndege wamelizoea kwa kuliona kila siku. Wanachokikimbia ni mtu anayesimama ghafla, sauti yake, na jiwe la kombeo. Ukipewa ruhusa na mwenye shamba, ning'iniza kiroba kikuukuu upande wa mbele, toboa tundu la ukubwa wa ngumi usawa wa jicho lako ukiwa umekaa, na mdomo wa lenzi uishie ndani ya tundu usichungulie nje. Ingia kabla hakujapambazuka. Kwa asubuhi chagua upande unaotazama magharibi ili jua liwe mgongoni kwako. Kisha kaa. Saa ya kwanza hupita bure, kwa sababu ndege wote wa karibu walikuona ukipanda. Saa ya pili huanza kukusahau. Ngedere huchukua muda mrefu zaidi, na mara nyingi jike mmoja hupanda juu ya kichuguu akatazama dungu kwa makini kabla ya wenzake kushuka. Huyo ndiye wa kupigwa picha. Yuko wazi, ametulia na anakutazama usoni.

Mtu mwenye dungu, mwenye mkuyu anaoufahamu na mwenye subira anaanza vizuri kabisa na lenzi ya milimita 250 au 300 iliyofungwa kwenye kamera ya sensa ndogo, zile ambazo Nikon huziita DX na Canon huziita APS-C. Sensa hiyo hukata kingo za picha, kwa hiyo milimita 250 kwenye Canon zinaona kama 400 za kamera kubwa, na 300 kwenye Nikon zinaona kama 450. Usivutwe na kamera za sensa kubwa kwa kazi hii. Ni nzuri gizani, lakini zinataka lenzi ndefu zaidi, na lenzi ndefu ndiyo inayokula fedha.

Kuna sababu nyingine ya kuanzia hapo. Kamera ya kijijini lazima ilipe. Lenzi ya 55-250 au 70-300 hupiga ninga alfajiri, ikapiga mahafali ya shule mchana, na Namungo FC wakicheza Uwanja wa Majaliwa pale Ruangwa inakuwa na kazi ya jioni. Mpira wa miguu na wanyama vinataka vitu vilevile: urefu, kasi ya shata isiyopungua sehemu moja ya elfu ya sekunde, na fokasi inayomfuata anayekimbia. Anayejifunza kumshika winga anayepiga chenga atamshika hondohondo akiruka. Lenzi ya milimita 600 haina la kufanya kwenye mahafali.

Wakulima wa kwetu hupata fedha kwa misimu, na ununuzi ufuate misimu. Ufuta huuzwa katikati ya mwaka na korosho huanza minada mwishoni mwa mwaka, zikipitia vyama vya msingi na chama kikuu cha RUNALI, kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Nashauri hivi kwa moyo wote: fedha ya ufuta inunue kamera na lenzi fupi ya kuvuta, ukafanye nayo kazi kwa miezi yote ya kiangazi, na fedha ya korosho usiiguse kwa ajili ya lenzi nyingine mpaka uwe na picha zinazokuonyesha umekwama wapi. Kama picha zako mbaya ni za ndege aliyekaa vizuri lakini mdogo, hapo lenzi ndefu itakusaidia. Kama ni za ndege mkubwa aliyetikisika, unachokihitaji ni egemeo, na egemeo ni la bei ndogo mno.

Huu ni wakati mzuri wa kununua mtumba. Tangu Canon na Nikon zilipohamia kamera zisizo na kioo ndani, mwaka 2018, wapiga picha wa nchi tajiri wamekuwa wakiuza kamera zao za zamani za kioo, na bei zimeporomoka bila ubora kushuka. Canon 7D ya mwaka 2009 inapiga picha 8 kwa sekunde. Nikon D7100 na D7200 zina pikseli milioni 24. Hizi zilikuwa kamera za watu makini na bado zinafanya kazi ileile. Jambo moja la kuangalia kwa Nikon: kamera zake ndogo za mfululizo wa D3000 na D5000 hazina mota ya fokasi ndani ya bodi. Ukizifungia lenzi ya zamani ya AF isiyo na mota yake, utazungusha fokasi kwa mkono. Tafuta lenzi iliyoandikwa AF-S au AF-P, na hizo za AF-P zina masharti yake kwa bodi za zamani, kwa hiyo zijaribu kwenye kamera yako kabla ya kulipa.

Hatua ya pili, kwa aliyekwishajua anahitaji urefu, ina njia chache za maana. Ninayoipenda kuliko zote ni Canon EF ya milimita 400 yenye tundu la f/5.6, lenzi ya mwaka 1993. Haivuti, haina kizuia mtikisiko, lakini ina kilo moja na robo tu, fokasi yake ni ya haraka, na kioo chake ni kikali tangu tundu likiwa wazi kabisa. Kwa ndege wanaoruka sijaona mtumba unaoizidi kwa bei yake. Anayetaka kuvuta ana Tamron na Sigma za 150-600 au Nikon 200-500. Ile ya Sigma inayoitwa Contemporary, ya mwaka 2015, ina uzito wa gramu 1,930, na Nikon inapita kilo 2. Uzito huo unachosha kweli ukiwa juu ya bodaboda kwenye barabara ya vumbi kwa saa mbili, na zaidi ukiwa umeushika mkononi. Nazikubali lenzi hizi kwa mtu wa dunguni mwenye mahali pa kuziegemeza. Kwa mtu wa kutembea sizipendekezi.

Canon ilileta jibu jingine mwaka 2020: lenzi za RF za milimita 600 na 800 zenye tundu moja tu, f/11, lisilobadilika. Ya 600 ina gramu 930 na ilitoka kwa dola 699. Wengi walizibeza, nami nadhani walikosea. Ni kweli kwamba f/11 hupitisha mwanga mara nane pungufu ya f/4, kwa hiyo msituni chini ya miti mikubwa hazifai. Ila Mbekenyera si Ulaya. Saa moja na nusu asubuhi ya mwezi wa Agosti, kwenye shamba la wazi la mbaazi, kuna mwanga wa kutosha kuitumia lenzi ya f/11 kwa ISO isiyotisha. Kikwazo ni kwamba zinahitaji kamera mpya za RF, na hizo bado ni ghali kwa mtumba.

Halafu kuna zile kamera za kipande kimoja ambazo lenzi yake haitoki, na kila kijana huniulizia Nikon P1000. Kamera hiyo ya mwaka 2018 inavuta mara 125, ikaona kama lenzi ya milimita 3,000. Inaweza kuujaza mwezi kwenye picha. Ila sensa yake ni ndogo sana, milimita 6 kwa 4 na nusu hivi, mara 13 pungufu ya sensa ya APS-C kwa eneo, na mwanga ukipungua picha hujaa punje. Ikivutwa hadi mwisho, kumtafuta ndege ndani ya kioo chake ni kazi, na hewa ile inayocheza huvuruga kila kitu. Je, isinunuliwe? Kwa mtu anayetaka kutambua na kuweka kumbukumbu za ndege wa wilaya yake, ni chombo kizuri na cha pekee, maana picha ya kutambulia ndege haihitaji kuwa nzuri. P900 ya mwaka 2015, inayoishia milimita 2,000, inatosha kwa kazi hiyo na mtumba wake ni nafuu zaidi. Kwa anayetaka picha ya kuchapwa ukutani, fedha hiyohiyo ikanunue bodi ya mtumba na lenzi ya 300.

Usinunue lenzi ya vioo vya kuakisi ya milimita 500 f/8 inayouzwa rahisi, ile fupi na nene. Fokasi yake ni ya mkono, na nyuma ya mnyama kila tone la mwanga hugeuka pete. Wala usinunue vioo vya kuongeza urefu vya mara mbili kwa lenzi ya kawaida. Vinakunyang'anya robo tatu za mwanga na fokasi ya kamera nyingi inakataa kufanya kazi.

Ukiingia Kariakoo kutafuta, utakutana na vijana waungwana wanaoijua biashara yao. Muuzaji atakwambia, "Kaka, huu mzigo wa Dubai, haujatumika hata wiki." Mjibu kwa upole, "Nakuamini, kaka, naomba tu niitazame kwenye mwanga." Toa vifuniko vyote viwili, fungua tundu la lenzi, washa tochi ya simu upande wa nyuma, nawe chungulia mbele kwa mshazari. Vumbi kidogo ndani halina madhara. Unachokitafuta ni nyuzi nyembamba nyeupe zinazotawanyika kutoka kwenye ukingo, mfano wa mizizi. Huo ni ukungu ulioota ndani ya kioo, na katika miji ya pwani yenye unyevu, kuanzia Tanga hadi Lindi na Mtwara, lenzi iliyofungiwa kabatini hupatwa nao. Ukungu hula mipako ya kioo, na hata ukisafishwa alama hubaki. Acha lenzi hiyo hata akupunguzie nusu ya bei. Kisha zungusha pete ya kuvuta ukiisikiliza karibu na sikio, mchanga husikika. Ifunge kwenye kamera yako mwenyewe, vuta hadi mwisho, tundu likiwa wazi kabisa, na upige maandishi ya boksi lililo kwenye duka la ng'ambo ya barabara. Kuza picha na utazame katikati na pembe zote nne. Pembe moja ikiwa imelegea kuliko nyingine, lenzi hiyo iliwahi kuanguka. Mwisho fuata bajaji inayokuja kwako kwa fokasi ya mfululizo, picha kumi. Muuzaji mkweli hatakuharakisha. Omba risiti yenye namba ya lenzi, kwa sababu vifaa vya wizi vipo sokoni na hutaki polisi wakuulize ulikoitoa.

Ukifika nayo nyumbani usiifungie kwenye begi lake. Itunze kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vifuko vya punje za kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na ya vifaa vya elektroniki. Wakati wa masika itoe juani dakika chache kila wiki.

Egemeo nililolitaja ni mfuko wa nguo. Peleka mguu mmoja wa suruali chakavu ya jinzi kwa fundi cherehani, auzibe ncha moja na kuiwekea ncha ya pili zipu. Beba mfuko huo bila kitu ndani. Ukifika shambani ujaze mbaazi kavu robo tatu, uuweke juu ya boriti ya dungu, na uibonyeze lenzi ndani yake mpaka ijichimbie kitanda. Stendi za miguu mitatu za bei nafuu hutikisika kwa upepo. Mfuko huu hautikisiki, na mwisho wa siku mbaazi zinarudi ghalani. Kwa lenzi ya 400 isiyo na kizuia mtikisiko, mfuko huu ndio utakaokuruhusu kushuka hadi kasi ya sehemu moja ya 200 ya sekunde kwa ndege aliyetulia, wakati ukiishika mkononi ungehitaji angalau sehemu moja ya 640.

Asiye na kamera kabisa naye asikate tamaa. Mwaka 1999 mtazama ndege wa Malaysia, Laurence Poh, aliweka kamera ndogo ya dijitali nyuma ya darubini yake na kuonyesha dunia picha za ndege zilizowashangaza wenye lenzi kubwa. Leo simu inafanya kazi hiyo. Darubini ya macho mawili ya 8x42 ikiwekwa mbele ya lenzi kuu ya simu inafanya picha ionekane kama ya milimita 200 hivi. Darubini ya jicho moja ya kusimama kwenye stendi, inayokuza mara 20, inafika zaidi ya 500. Ugumu wote uko kwenye kulenga tundu la simu katikati ya tundu la darubini bila mkono kucheza, na kishikizo cha plastiki cha bei ndogo kinautatua. Ndege akiwa ametulia utapata picha unayoweza kujivunia. Akiruka, umemkosa. Nami nasema darubini inunuliwe kabla ya kamera yoyote, kwa sababu anayejifunza kutazama kwanza huwa mpiga picha mzuri zaidi.

Yupo mnyama mmoja anayeigeuza hoja yangu yote. Miaka ya karibuni tembo wamekuwa wakiingia mashambani katika wilaya za kusini, Nachingwea, Liwale na Tunduru zikiwemo, wakila na kukanyaga kazi ya mwaka mzima na wakati mwingine wakiua watu. Kwa tembo usihesabu mita za kusogea. Tembo wa shambani ameshafukuzwa kwa ngoma, moto na fataki, na humwona binadamu kama adui. Mpige ukiwa mbali, penye njia ya kukimbilia, au usimpige kabisa. Na kama nia yako ni ushahidi wa madai ya kifuta jasho kwa mazao, au kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa, ambavyo vina kanuni zake tangu mwaka 2011, simu inatosha: piga nyayo ukiweka kitu cha kupimia ukubwa pembeni, piga mipaka ya eneo lililoharibiwa mchana kweupe tembo wakiwa wameondoka, na utoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji mapema ili maofisa waje kuthibitisha kabla alama hazijafutika.

Vibali navyo ni sehemu ya gharama. Ndani ya hifadhi za taifa utakutana na TANAPA, kwenye mapori ya akiba TAWA, na kwenye misitu ya hifadhi TFS. Droni ina vibali vyake vya serikali na si kitu cha kurusha kienyeji. Kwa bahati nzuri shamba la mzee wako, ukingo wa barabara na kando ya Mto Mbwemkuru nje ya maeneo ya hifadhi havihitaji tiketi.

Wapo wanyama ambao hakuna lenzi ndefu itakayowafikia, kwa sababu wanatoka usiku au hawavumilii binadamu. Mashariki ya Ruangwa, kwenye uwanda wa juu wa Rondo, anaishi komba mdogo mwenye uzito wa gramu 60 hivi, aliyetambulishwa kisayansi miaka ya 1990 na kupewa jina la Rondo. Amewahi kuwekwa kwenye orodha ya jamii 25 za kima na komba walio hatarini zaidi duniani. Ni jirani yetu, na watu wengi wa mkoa wa Lindi hawajawahi kuona picha yake. Katika vichaka vizito vya kusini yupo pia sange mkubwa, yule mwenye pua ndefu anayechakura majani makavu mchana na kutoweka kabla hujainua kamera.

Dawa ya hao ni ya zamani kuliko tunavyodhani. Carl Georg Schillings, Mjerumani aliyepiga picha katika nyika za Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20, alitega kamera za sahani za kioo pamoja na unga wa magnesi, mnyama akivuta uzi usiku mwanga ukawaka na picha ikapigwa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1905. Karne moja baadaye, mwaka 2005, mtafiti wa Kiitalia Francesco Rovero alitega kamera katika misitu ya Udzungwa zikampiga sange wa aina isiyojulikana. Mwaka 2008 alitambulishwa rasmi kwa jina la Rhynchocyon udzungwensis. Kamera ya mtego ndiyo iliyomtambulisha mnyama mpya wa Tanzania, na leo kamera ya namna hiyo, yenye kihisi cha joto la mwili na taa za usiku zisizoonekana kwa macho, inaanzia dola 50 hivi.

Kabla ya kuifunga, zungumza na mwenyekiti wa kijiji na watu wanaopita njia hiyo kukata kuni, uwaonyeshe inavyofanya kazi, na picha yoyote ya mtu uifute. Wakishajua ni ya nani, watakusaidia kuilinda. Kwa sange tafuta mahali majani makavu yalipochakurwa kuwa vijishimo vidogo, uifunge kwenye shina urefu wa sentimita 30 kutoka ardhini, mita 2 au 3 kutoka kwenye njia, ikitazama kaskazini au kusini ili jua la asubuhi na jioni lisiiwashe bure. Ng'oa majani marefu yote yaliyo mbele yake, maana yakipulizwa na upepo yatakujazia kadi. Iache wiki mbili. Picha zake zenyewe zitakuwa za kawaida tu, lakini kila moja imeandikwa saa. Ukiona sange anapita hapo kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja asubuhi, siku nne kati ya saba, unajua pa kukaa: upande ule upepo unakoelekea, mita 8 kutoka njiani, kiroba mbele yako, na ile lenzi yako ya milimita 250.